Shimo la Nne

Kabla ya nyasi, maji.
Nililiandika hilo kwanza, pembeni mwa ramani,
maana udongo wetu mweusi wa Lang'ata haujui kiasi:
Aprili huvimba ukang'ang'ania buti,
Februari hupasuka ukameza mpira, hata kisigino.
Basi chini kokoto, sentimita kumi,
juu yake mchanga, thelathini,
na mabomba yenye matundu, yamelala kama mifupa ya samaki
chini ya grini ambayo hakuna atakayeifunua ayaone.

Bwana Kasaine, mwenyekiti, alitaka mabanka kumi na manane,
banka kwa kila shimo, kama soda kwa kila mgeni.
Nikamwambia: banka si pambo, mheshimiwa.
Banka ni swali.
Huliweki kwenye njia ya anayejikongoja.
Unaliweka pale mwenye tamaa atakapotaka kukata kona,
na unamwonyesha mchanga wake mapema, kutoka mbali,
ili akitumbukia asimlaumu mchoraji.
Shimo la kufichwa ni la panya.
Akacheka. Tukakubaliana saba.

Feawei niliiachia nyasi ya kikuyu,
ngumu, haiombiombi.
Ila grini ni mtoto wa mwisho, hunyweshwa hata asipolia.
Vinyunyizi huamka saa kumi alfajiri
kabla jua halijaja kudai fungu lake,
tiki, tiki, tiki,
nami nimesimama gizani nikihesabu kwa mitungi.
Kwetu Nairobi West bomba hukohoa Alhamisi tu.
Sikuliandika hilo kwenye ramani.

Shimo la nne lilikuwa refu, pa tano.
Jumatatu ni siku ya makedi,
na Mukabana alilijia miaka sita mfululizo
na fimbo tatu, moja imefungwa gundi ya fundi umeme.
Saba. Sita. Saba. Nane siku ya mvua.
Siku alipopiga tano alinisubiri langoni.
"Tano!" akasema,
kana kwamba mkewe amejifungua salama.

Halafu ikaja barabara na vigingi vyake vyekundu,
ikakata mita tisini na tatu na mikalitusi minne.
Nikaketi na rula.
Kilichobaki, mita mia nne na kumi;
kitabu kinasema hiyo ni nne.
Nikaifuta tano kwa ufutio, nikapuliza vumbi lake,
na ili nne isiwe ya bure
nikasogeza banka karibu na mdomo wa grini.
Kazi ya asubuhi moja. Nikanywa chai.

Jumatatu Mukabana akapiga tano.
Mpira wake wa pili uliingia bankani,
akautoa vizuri, mchanga ukapaa kama unga sokoni,
akaviringisha mara mbili, ukatumbukia.
Akanitazama.
"Umezidisha moja," nikasema.
Akatazama ng'ambo ya ua, malori yakipita
mahali tulipokuwa tukianzia.
"Mimi nimepiga tano, injinia.
Kilichopungua ni kiwanja."

Pa. Neno la watu wa mbali,
lakini ona lilivyojipatia chumba kwetu:
pale, hapa, papo hapo, pasipo.
Miaka yote nilidhani ni hesabu.
Kumbe ni mahali,
na kuna mwenye kalamu aliyeamua usimame wapi.

Nilitaka kumwambia kitu. Sikukipata.
Yeye alikuwa amekwisha chukua reki,
anafuta nyayo zake mwenyewe bankani,
mstari kwa mstari, akirudi kinyumenyume
kama mtu anayepiga deki chumba
asichokilala.